Ibo kwa Mtu Aliyetoka Namoto

Anayevuka Mto Ruvuma kutoka Kilambo, upande wa Mtwara, hutua Namoto. Mji hakuna pale. Pana ofisi ya uhamiaji ya Msumbiji, bendera, vibanda vya mama ntilie, vijana wanaobadilisha shilingi kwa metikali, na madereva wanaongoja gari lijae ndipo waondoke kwenda Palma. Kivuko kikisimama kwa maji kupungua, watu huvuka kwa mitumbwi na boti za mashine, na mwenye chombo lazima ajue fungu la mchanga limehamia wapi na viboko wamelala wapi. Afisa wa muhuri huanza kwa Kireno, ukikwama anageukia Kiswahili. Nje ya mlango wake, kuanzia nauli mpaka bei ya samaki wa kukaanga, mambo yote huenda kwa Kiswahili na Kimakonde.

Wageni wengi wa kisiwa cha Ibo hawapiti huku. Hutua Pemba ya Msumbiji kwa ndege, mkononi wana kitabu cha mwongozo kinachoanza na Vasco da Gama mwaka 1498, na wakifika kisiwani huona mji wa Ulaya uliosahauliwa baharini: ngome, kanisa, nguzo za veranda, majina ya watakatifu wa Kikatoliki. Mimi niliufikia kutoka kaskazini kwa nchi kavu, kabla ya vita vya mkoa huu wa Cabo Delgado kuanza Oktoba 2017, na njia ile ilinipa macho mengine. Ibo ni mji wa Wareno ambao pwani ya Waswahili iliujenga, ikaulisha na ikauandikia barua zake. Anayeusoma kutoka Lisbon peke yake hukosa sehemu kubwa ya habari zake.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana huko Ulaya kwamba Ruvuma iwe mpaka wao. Kusini ya mto, kwenye ghuba ya Tungi, palikuwa na liwali wa Sultani wa Unguja, Barghash bin Said, na watu wa pale walijihesabu raia wake. Februari 1887 manowari za Wareno ziliipiga Tungi kwa mizinga na ghuba ikachukuliwa. Miaka saba baadaye, 1894, Wajerumani nao wakauruka mto waliokubaliana na kuikalia Kionga, kipande cha pwani kusini ya mdomo wa Ruvuma chenye ukubwa wa kilomita za mraba 400 hivi. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakakitwaa, na mwaka huohuo wakatoa stempu za posta za Kionga: stempu za Lourenço Marques zilizopigwa jina jipya juu yake kwa wino. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Katika miaka ile thelathini na mitatu, mvuvi mmoja wa Kionga aliyekaa kwenye kibanda kilekile angeweza kuwa raia wa Sultani, kisha wa Kaisari, kisha wa Jamhuri ya Ureno. Lugha aliyoombea chumvi kwa jirani haikubadilika.

Gari la kutoka Namoto hupita Kionga, likafika Palma, likashika barabara ya Mocímboa da Praia. Sitakaa sana njiani. Minazi, mikorosho, vituo vya ukaguzi, mama mmoja wa Palma aliyekuwa na kuku watatu ndani ya kikapu na aliyeniita "mwanangu" tangu tulipokaa hadi alipoteremka. Baada ya Mocímboa barabara huingia bara mpaka Macomia, kisha unarudi pwani kuitafuta Quissanga, na nje kidogo ya Quissanga ndipo Tandanhangue, bandari isiyo na gati. Hapo ardhi huisha kwenye mikoko, na watu hukaa kivulini kungoja maji.

Maji ndiyo yanayotawala safari ya Ibo. Kati ya bara na kisiwa bahari ni ya kina kifupi, na mkondo wake unazunguka ndani ya mikoko. Maji yakitoka, mashua hukaa juu ya tope na hakuna nahodha anayeweza kubishana na jambo hilo. Tulingoja. Maji yalipoanza kupanda, abiria walivua viatu, wakakunja nguo, wakaingia hadi mapajani na mizigo kichwani: magunia ya unga, godoro, baiskeli, mtungi wa gesi, mtoto mchanga aliyepitishwa juu ya vichwa kutoka mkono hadi mkono. Mabaharia walisukuma kwa pondo mpaka tulipotoka katikati ya mikoko, ndipo foromali ikapandishwa na tanga likashika upepo. Nilimuuliza nahodha, mtu wa makamo, kama maji haya huwa na kina wakati wowote. Akajibu, "Kina cha mashua kipo, shehe. Cha meli hakijawahi kuwepo."

Jibu lile linaeleza mambo mengi kuhusu kufa kwa mji wa Ibo. Kwa karne kadhaa maji mafupi yalikuwa ngao. Merikebu kubwa za adui hazikuweza kusogea karibu, na mwenye jahazi anayejua mkondo aliingia na kutoka apendavyo, akiwa na bidhaa halali au za magendo. Zilipokuja meli za moshi, ngao ikawa kizuizi. Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati na serikali ya Ureno mwaka 1891 na kuitawala kaskazini ya Msumbiji mpaka 1929, ilitaka ghuba ambayo meli ingetia nanga. Ghuba hiyo ilikuwa Pemba, ambayo kampuni iliita Porto Amélia kwa heshima ya malkia wa Ureno. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yake yakahamia huko. Maofisa wakaondoka, wafanyabiashara wakawafuata, na nyumba za Ibo zikabaki.

Nilizifikia asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Kitongoji cha mawe kinaitwa Cimento, yaani saruji, ingawa karibu hakina saruji. Mitaa yake ni mipana ya mchanga, na pembeni zimejipanga nyumba za chini zenye veranda ndefu zinazoshikwa na nguzo nene za mviringo. Baadhi zimeezekwa upya. Nyingi hazina paa, na mitini imeota juu ya kuta, mizizi ikashuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Nilisimama mbele ya nyumba moja ambayo ukuta wake wa mbele ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, nikaweka uso karibu. Ndani ya ukuta kulikuwa na matumbawe, yale mawe ya bahari ambayo ukiyatazama vizuri unaona vijinyota vya wadudu walioyajenga. Yameshikwa kwa chokaa yenye vipande vya makaa ndani yake, maana chokaa hiyo ilichomwa kwa kupanga mawe na kuni pamoja. Juu ya mlango zilitokeza ncha za boriti za mikoko, zimelala moja kando ya nyingine, zikibeba dari ya mawe na chokaa.

Mtu wa Kilwa, wa Mikindani au wa Lamu haambiwi huu ni ujenzi wa nani. Ndio huohuo wa kwao: jiwe lilelile, chokaa ileile, na boriti iliyoamua upana wa chumba kwa sababu mti wa mkoko haurefuki zaidi ya hapo. Kilicho cha Kireno ni uso. Nyumba ya Lamu humgeuzia mpita njia mgongo, ukuta mrefu na mlango mmoja, maisha yote yakiwa ndani uani. Nyumba ya Ibo imefunguka barabarani kwa madirisha na veranda, mwenye nyumba akae aonekane na awaone wanaopita. Lakini nenda nyuma, upite sebule, utakuta ua, jiko la nje, kisima, na mlango mdogo wa wanawake na watumishi. Mafundi waliozijenga walikuwa watu wa pwani hii, wengi wao watumwa, na walijenga kwa ujuzi waliokuwa nao.

Mji wa mawe wenyewe si wa zamani kama wageni wanavyodhani. Wareno walipofika katika visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya 16 walikuta Waislamu wenye biashara yao na nguo yao. Pamba ilifumwa hapa na kutiwa rangi ya nili, na nguo hiyo ilijulikana pwani nzima kiasi kwamba visiwa vyenyewe viliitwa visiwa vya Maluane, kwa jina la nguo. João dos Santos, padri wa shirika la Dominiko aliyeishi Quirimba, kisiwa jirani, katika miaka ya 1590, ameandika habari za visiwa hivi katika kitabu chake kilichochapishwa Évora mwaka 1609. Wakati huo Quirimba ndiyo iliyokuwa na uzito. Ibo ilipanda katika karne ya 18, baada ya Lisbon kuitenga Msumbiji na utawala wa Goa mwaka 1752. Miaka ya 1760 Ibo ikapewa hadhi ya mji na kuwa makao ya utawala wa Cabo Delgado. Ngome ya São José ni ya 1760. Ile kubwa, São João Batista, ilikamilika 1791.

Kijana aliyenitembeza alitaka tuanze na kanisa, lililo uwanjani karibu na pwani, na tukaanza nalo. Ni jengo jeupe lenye kuta nene, limetulia, na kwa macho yangu ndilo lenye fahari kuliko mengine yote ya kisiwani. Ngome hainipi hisia hiyo. São João Batista imejengwa kwa umbo la nyota, pembe zake zikitokeza nje ili mzinga wa pembe moja uweze kulinda ukuta wa pembe nyingine. Ustadi huo wa vita ulitoka Ulaya moja kwa moja. Mizinga bado imeelekea baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19 adui wa kutisha alikuwa Msakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, aliyekuja na makundi ya ngalawa na kuvivamia visiwa, kuchoma na kuteka watu. Wanaokumbuka Ibo kama mahali pa kuuza watu wakumbuke pia kwamba wakaazi wake nao walipakiwa katika ngalawa zile na kupelekwa wasikorudi.

Biashara ya watu ndiyo iliyolipa gharama ya nguzo zile nzuri. Lazima isemwe hivyo, kwa uwazi, kila mtu anapousifia uzuri wa Ibo. Kuanzia miaka ya 1730 Wafaransa walikuwa wakilima miwa na kahawa Mauritius, waliyoiita Île de France, na Réunion, iliyoitwa Bourbon, na mashamba yao yalitaka watu. Merikebu zao zilikuja mpaka hapa. Serikali ya Msumbiji mara ilikataza, mara ilifumba macho, na familia kubwa za visiwani, zenye damu ya Kireno, ya Kigoa na ya hapahapa, zilitajirika. Wahindi wa Kibaniani walikopesha bidhaa. Masheikh wa bara waliofanya nao biashara walikuwa Waislamu wenye kuswali, wenye kuandika, na misafara ya Wayao na Wamakua ilileta watu kutoka bara ya mbali. Hakuna upande mmoja wa pwani hii unaoweza kujitoa. Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa mnamo Desemba 1836. Ibo iliendelea kwa siri miaka mingi, ikitumia yaleyale maji mafupi ambayo meli za doria za Waingereza ziliyaogopa. Wengine walipelekwa kaskazini kwa majahazi kuelekea soko la Unguja, ambalo Barghash alilifunga 1873.

Katika ngome hiyohiyo, baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, askari kanzu wa PIDE, polisi ya siri ya Ureno, waliwafungia watu walioshukiwa. Vyumba vyake bado vipo. Vina dari ya chini na hewa nzito, na mwanga unaingia kwa tundu tu. Niliingia kimoja na nikatoka mapema kuliko nilivyokusudia. Kijana aliyenitembeza hakuingia. Alisema babu yake alikuwamo, kisha akanionyesha wafua fedha.

Wamekaa karibu na lango la ngome, kwenye kivuli, na kazi yao inastahili kukaa nayo. Mmoja alikuwa akitengeneza mkufu. Alikuwa na sarafu za zamani zenye fedha ndani yake, nyingine za Kireno. Aliiyeyusha moja kwenye kibakuli cha udongo juu ya makaa, akipuliza kwa mrija, mpaka ikawa tone jeupe linalotetemeka. Akaimimina kwenye mfereji mdogo, ikawa kijiti. Kijiti akakigonga, akakipitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu, kubwa kwanza, halafu dogo, halafu dogo zaidi, akikivuta kwa koleo huku vidole vya mguu vimeshikilia bamba. Kila tundu lilirefusha uzi na kuupunguza unene, mpaka ukawa mwembamba kama unywele wa mtoto. Nyuzi mbili akazisokota pamoja, akazilaza, akaanza kuzikunja kwa kibanio kuwa majani na maua, akayaunganisha kwa lihamu na moto wa mrija. Hakupima popote kwa rula. Nilimuuliza alijifunza kwa nani. "Kwa baba. Baba kwa mjomba wake." Na kabla ya hapo? Akaonyesha baharini kwa kidevu, upande wa mashariki. Mtu wa Unguja au wa Lamu angeitambua kazi ile mara moja. Mreno wa kaskazini ya nchi yake, ambako pia husokota nyuzi za dhahabu namna hiyo, naye angeitambua. Wanaweza kugombana kuhusu asili yake mpaka jua lizame. Mimi nilinunua hereni.

Nilikula mchana kwenye veranda ya nyumba moja inayopika wageni: wali wa nazi, samaki wa kuchoma, na matapa, ambayo Mtwara tungeiita kisamvu cha nazi na karanga. Ikafuata kahawa. Ibo ina kahawa yake, mibuni ya asili ya pwani hii inayoota kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Punje ni ndogo, na nguvu ya kukesha ni kidogo pia. Hukaangwa nyumbani na kutwangwa kwenye kinu. Ladha yake ina harufu ya majani makavu, nami niliipenda kuliko ile ya viwandani inayouzwa madukani pote.

Jambo nililokuwa nikilitafuta Ibo haliko Ibo. Liko Maputo, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa: barua za karne ya 19 kati ya watawala wa Kireno waliokaa mji huu na masheikh wa pwani, wa Quissanga na kwingineko. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Huanza kwa salamu na dua kwa Kiarabu kama ilivyokuwa desturi ya pwani nzima, kisha zinaingia kwenye shauri: deni, watu waliotoroka, ugomvi wa mipaka ya mashamba, habari za misafara, ahadi ya utiifu, malalamiko ya zawadi ambayo haikufika. Serikali iliajiri mkalimani rasmi azisome na kujibu. Watafiti wa Msumbiji wenyewe wamezishughulikia kwa miaka ya karibuni, na kazi yao imebadilisha mambo. Zamani mtu angeweza kusema kwamba Kiswahili kiliishia Ruvuma, na kwamba kusini yake kulikuwa na Kireno cha watawala na lugha za watawaliwa zisizoandikwa. Barua zile zinakanusha. Gavana wa Ibo, ndani ya nyumba yenye veranda ya Kireno, hakuweza kukusanya kodi wala kufanya amani bila karatasi ya Kiswahili.

Ukilijua hilo, unapita mtaani kwa namna nyingine. Nilitembea mbele ya forodha ya zamani na nikaona kitu ambacho jengo lenyewe halionyeshi: mjumbe ametoka Quissanga kwa mashua, amengoja maji kama nilivyongoja mimi, barua imekunjwa kwenye kilemba au kwenye mkoba wa ngozi, anapanda mchanga huu na kumkabidhi mkalimani. Naona pia mwandishi wake, mwalimu wa chuo labda, aliyejifunza herufi kwa kusoma Kurani na sasa anazitumia kumwambia Mreno kwamba hawezi kumpa watu alioomba.

Kireno kilifundishwa shuleni, na elimu ya chuo ikahesabiwa si elimu. Mpaka leo nyaraka za serikali huwahesabu wazee wengi wa pwani hii kuwa hawajui kusoma, na wamo miongoni mwao wanaosoma hati ambayo afisa wa takwimu haijui. Hilo linaniuma. Nakala za barua zile zingerudishwa Ibo, zikachapishwa na kuwekwa katika shule ya hapa, mtoto wa Kimwani, wa watu wa pwani hii, angeona kwamba babu zake waliandika.

Alasiri niliuacha mji wa mawe nikaenda Cumuamba na Rituto, vitongoji vya makuti. Huko ndiko watu waliko. Cimento ina nyumba kubwa na watu wachache. Huku nyumba ni ndogo, za fito, udongo na mawe, na watu wamejaa: mafundi wa mashua, wanawake wanaosaga msiro kwenye jiwe na kujipaka usoni, watoto wa madrasa wakirudia somo kwa sauti moja, redio, harufu ya dagaa wanaokaushwa. Nilimuuliza mama mmoja mbona hawahamii kwenye nyumba za mawe zilizo tupu. Aliacha kusaga. Zina wenyewe, akasema. Baada ya uhuru wa 1975 Wareno wengi waliondoka, na mwaka 1976 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha, lakini nyumba ya mawe bila paa inahitaji boriti, chokaa na fundi anayejua, na fedha hizo hana. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nyingine zina watu wasioonekana, na hakumaanisha wapangaji.

Tangu siku ile mengi yamekipata kisiwa. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019, kikang'oa mapaa ya makuti na ya mabati na kuangusha kuta zilizokuwa zikijishikilia. Vita viliposogea Quissanga mwaka 2020, watu walikimbilia visiwani kwa mashua, na Ibo ikapokea wageni ambao hawakuja kuangalia ngome. Machi 2021 ikashambuliwa Palma, na njia ya Namoto niliyopita ikawa njia ya wanaokimbia. Yule mama wa kuku watatu sijui yuko wapi. Ninapoandika sura hii najua kwamba barabara ninayoieleza si kila mtu anaweza kuipita.

Lakini jioni ya siku ya kwanza hayo yote yalikuwa mbele. Nilikaa barazani kwa mzee mmoja wa Rituto baada ya swala ya magharibi. Alinisemesha Kimwani, lugha ya kwao, nami Kiswahili, na tukasikilizana vizuri, kila mmoja akipunguza mwendo pale mwenzake alipokunja uso. Aliposikia nimetoka upande wa Mtwara alikaa sawa.

"Mikindani una watu?"

"Ninao, babu."

"Sisi pia tunao. Walikwenda wakati wa Kampuni."

Akaeleza. Kampuni ya Niassa ilitoza kodi ya kibanda, na asiyekuwa nayo alichukuliwa kazi ya nguvu, kubeba mizigo au mashambani, na wakati mwingine mkewe alishikwa rehani mpaka mume ajitokeze. Watu walihama usiku. Wa bara walivuka Ruvuma kwa mitumbwi, wa visiwani walipanda mashua kuelekea kaskazini. Ndugu wawili wa bibi yake waliondoka hivyo, mmoja akafia Lindi, mwingine akaoa Mikindani na kuacha watoto. Hakuwahi kuwaona. Alinitajia majina yao na majina ya watoto, akanifanya niyarudie, na nilipokosea mpangilio akanirekebisha: mkubwa kwanza.

Kisha akauliza nimeona nini mchana. Nikamtajia kanisa, ngome, wafua fedha, forodha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Quirimba je?"

Nikasema bado.

"Basi hujaanza. Quirimba ndiyo ya kwanza, Ibo ilikuja nyuma. Kesho maji yatatoka asubuhi. Utakwenda kwa miguu, unapita kwenye mikoko, mjukuu wangu atakutangulia. Vaa viatu vya kuloweka, kuna makombe. Na ukifika usikae sana kuzungumza, maji yakirudi hayakungoji."

Akamwita mjukuu, wakapatana saa.